Mkia wa Vumbi au Mkia wa Gesi: Amua Kwanza, Ndipo Uchague Lenzi

Anayetaka kupiga picha ya nyotamkia huanza kwa kuuliza kamera ipi na lenzi ipi. Kuna swali linalotangulia hayo: anautaka mkia upi? Nyotamkia inayong'aa vya kutosha kuonekana kwa macho mara nyingi huwa na mikia miwili, wa vumbi na wa gesi. Mikia hiyo haidai vifaa sawa, wala saa sawa, wala hata sehemu moja ya anga. Kwa lenzi ya mm 50 na tripodi ya kawaida unaweza kupata picha nzuri kabisa ya vumbi usione hata dalili ya gesi, na kosa si la kamera.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa mtu anayepiga akiwa Afrika Mashariki. Ukaribu na ikweta unabadilisha mambo kadhaa ambayo miongozo ya Ulaya na Marekani hupita bila kuyataja.

Mikia yenyewe

Kiini cha nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi, kwa kawaida la kilomita chache tu. Kiini cha 67P, kilichochunguzwa na chombo cha Rosetta kati ya 2014 na 2016, kina upana wa kilomita 4 hivi. Kikikaribia Jua, barafu hugeuka gesi bila kupitia maji, na gesi hiyo hutoka ikibeba vumbi. Ukungu unaokizunguka kiini ndio koma.

Kuanzia hapo vumbi na gesi hufuata njia tofauti. Chembe za vumbi husukumwa na mwanga wa Jua wenyewe. Ndogo husukumwa sana, kubwa kidogo, na kila moja huishia kwenye njia yake ya kulizunguka Jua. Kwa kuwa zinabaki nyuma ya kiini kinachosonga, mkia wa vumbi hupinda na kupanuka kadiri unavyokwenda mbali. Rangi yake ni nyeupe yenye unjano, kwa sababu mwanga wake ni wa Jua ulioakisiwa, wala vumbi haling'ai lenyewe.

Gesi iliyonyang'anywa elektroni na mnururisho wa Jua huwa na chaji ya umeme, na hapo hukamatwa na upepo wa Jua, ule mkondo wa chembe unaokwenda takriban kilomita 400 kwa sekunde ukiwa na usumaku wake. Mkia wa gesi hunyooka kuelekea upande ulio kinyume na Jua, mwembamba, wa buluu. Buluu hiyo hutokana hasa na monoksidi ya kaboni iliyopoteza elektroni moja. Ni kwa kuitazama mikia ya namna hii ndipo mwanafizikia wa anga Mjerumani, Ludwig Biermann, mwaka 1951 alipofikia hoja kwamba Jua linatoa mkondo wa chembe muda wote, kabla chombo chochote hakijaenda kuupima.

Na kijani? Kijani ni cha koma, kutokana na molekuli za kaboni mbili zilizoshikana. Mwanga wa Jua huzivunja kabla hazijafika mkiani. Kwa hiyo picha yenye mkia wa kijani kibichi imeharibiwa kwenye kompyuta, kwa kuongezewa rangi kupita kiasi.

Kuitofautisha mikia katika picha yako si kazi. Fungua chaneli ya buluu peke yake, kisha nyekundu peke yake. Kilichojitokeza kwenye buluu na kufifia sana kwenye nyekundu ni gesi, na kilichobaki karibu sawa katika zote mbili ni vumbi. Njia nyingine ni ramani ya anga kama Stellarium: chora mstari kutoka Jua kupita kichwa cha nyotamkia. Mkia wa gesi utaulalia mstari huo au kuukaribia sana, na wa vumbi utauacha na kupinda.

Nyotamkia hazigawi mikia kwa usawa. McNaught (C/2006 P1), iliyopita karibu kabisa na Jua tarehe 12 Januari 2007 na kuonekana vizuri zaidi kusini mwa dunia, ilikuwa ya vumbi: mkia mpana wenye mistarimistari. Lovejoy (C/2014 Q2) ya Januari 2015 ilikuwa ya gesi, na kwa macho watu wengi waliona koma tu ilhali kamera zilionyesha mkia mrefu wa buluu wenye nyuzi. Tsuchinshan-ATLAS (C/2023 A3) ya 2024 ilirudi kwenye vumbi. Kabla ya kutoka nyumbani, tafuta picha za wiki hiyo hiyo uone ni ipi unayoiendea. Ukiiendea ya vumbi kwa mipango ya gesi utapoteza usiku mzima.

Mkia wa kinyume, ule unaoonekana kuelekea upande wa Jua, si mkia wa tatu. Ni chembe kubwa za vumbi zilizobaki kwenye ubapa wa njia ya nyotamkia, ambazo tunaziona kwa ubavu Dunia inapoukata ubapa huo. Arend-Roland ilionyesha hivyo mwaka 1957, na Tsuchinshan-ATLAS ikafanya hivyo katikati ya Oktoba 2024. Huonekana kwa siku chache tu, hivyo angalia tarehe ya Dunia kuukata ubapa kisha uache nafasi upande wa pili wa kichwa unapoweka fremu. Aliyebana kichwa kwenye kona ya picha aliukata bila kujua.

Urefu juu ya upeo wa macho

Hili ndilo jambo la kwanza linaloamua, hata kabla ya lenzi.

Kitu kilicho digrii 30 juu kinaonekana kupitia hewa maradufu ya ile ya utosini. Kikiwa digrii 10 hewa inakuwa zaidi ya mara 5, na digrii 5 ni karibu mara 10. Hewa hutawanya buluu kuliko rangi nyingine, hivyo mkia wa gesi ndio wa kwanza kufa. Chini ya digrii 20 hivi usiutegemee. Vumbi, kinyume chake, linapigika likiwa digrii 6 au 8 tu, na likiwa na rangi za machweo chini yake picha huwa nzuri zaidi. (Ngumi ya mkono ulionyooshwa ni takriban digrii 10, kipimo kinachotosha kwa kazi hii.)

Vumbi lina faida nyingine. Nyotamkia ikipita karibu kati yetu na Jua, chembe za vumbi hurusha mwanga mbele kuja kwetu na mng'ao hupanda ghafla. Ndivyo McNaught ilivyoonekana hata mchana, na ndivyo Tsuchinshan-ATLAS ilivyong'aa sana karibu na tarehe 9 Oktoba 2024. Gesi haipati nyongeza hiyo. Ni kusema siku ambazo nyotamkia iko chini kabisa karibu na Jua ni siku za vumbi, na gesi inangoja iwe imepanda kwenye anga jeusi.

Hapa kwetu Jua huzama karibu wima, digrii 15 kwa saa, na giza kamili hufika takriban dakika 72 baada ya machweo. Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi huweza kuchukua saa nyingi, au giza lisifike kabisa. Faida yetu ni kwamba nyotamkia iliyo digrii 20 kutoka Jua, ikiwa juu yake wima, bado iko digrii 10 juu ya upeo dakika 40 baada ya machweo, anga likiwa limeshaanza kuwa jeusi. Hasara ni kwamba dirisha ni jembamba: kutoka hapo hadi inaposhuka digrii 4 ni dakika 24 tu. Jua likizama saa 12:20 jioni, kamera iwe imeshawekwa fokasi na fremu ifikapo saa 12:50. Asubuhi ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma, na ni ngumu zaidi kwa sababu anga linazidi kung'aa na muda wa shata inabidi uupunguze kila dakika chache.

Mahali pa kusimama pafuate upande. Nyotamkia ya alfajiri ipigwe mwambao wa mashariki: Mombasa, Bagamoyo, Paje au Jambiani, bahari ikiwa mbele na hakuna taa. Ya jioni kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa iko upande wa mji, na mwanga wa mji unaimeza. Pwani ya magharibi ya Unguja, au Kisumu ukitazama ziwa, panafaa zaidi. Tsuchinshan-ATLAS ilizitaka pande zote mbili: mwishoni mwa Septemba 2024 ilikuwa mashariki kabla ya mapambazuko, na katikati ya Oktoba ikahamia magharibi jioni.

Usisahau Mwezi. Nyotamkia hiyo ilikuwa karibu kabisa na Dunia tarehe 12 Oktoba, na Mwezi ukawa mpevu tarehe 17. Waliosubiri jioni za kuanzia tarehe 20, Mwezi ulipoanza kuchelewa kuchomoza, walipata mkia mrefu kuliko waliopiga siku ya karibu kabisa, ingawa kichwa chenyewe kilikuwa kimeshafifia. Vumbi angavu linavumilia nusu Mwezi. Gesi haivumilii.

Tripodi peke yake, au traka

Dunia inazunguka, na kamera iliyotulia inaona nyota zikihama. Traka ni mashine ndogo inayokaa kati ya tripodi na kamera na kuizungusha kamera kwa kasi ile ile ya anga. Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana kwenye jedwali hili, lililokokotolewa kwa kamera ya sensa ya APS-C ya megapikseli 24 (sensa ni bapa linalopokea mwanga, na APS-C ni ukubwa wake katika kamera nyingi za kawaida), nyota zikiruhusiwa kuvutika pikseli 3 tu:

| Lenzi | Upande mrefu wa picha | Muda bila traka |
|---|---|---|
| mm 24 | digrii 52 | sekunde 6 |
| mm 50 | digrii 26 | sekunde 3 |
| mm 85 | digrii 16 | sekunde 2 |
| mm 135 | digrii 10 | sekunde 1 |
| mm 200 | digrii 6.7 | chini ya sekunde 1 |

Kanuni ya zamani ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi (baada ya kuuzidisha kwa 1.5 kwa sensa ya APS-C) ingekupa karibu sekunde 14 kwa lenzi ya mm 24. Ilitungwa enzi za filamu. Kwenye sensa za leo nyota zitakuwa vijiti.

Tripodi inatosha kwa vumbi la nyotamkia ya magnitudo 2 au angavu zaidi (namba ikipungua mng'ao unaongezeka). Kwa lenzi ya mm 50 yenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga mwingi huingia), ifunge kidogo hadi f/2.2, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, iwe 3200, sekunde 3, upige picha 60 hadi 100 mfululizo. Kuzipanga moja juu ya nyingine hupunguza chengachenga (vinukta visivyo vya kweli kwenye picha) kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: picha 4 huzipunguza kuwa nusu, 16 kuwa robo. Lakini jumla ya picha 100 za sekunde 3 ni dakika 5 tu za mwanga, na kila picha fupi inaongeza kelele yake ya kusomwa kutoka kwenye sensa. Kwa mkia wa gesi hizo dakika 5 hazifiki popote.

Traka, kwa lenzi ya mm 135 yenye f/2.8 na ISO 800 au 1600, inakupa picha za sekunde 60 kila moja. Arobaini za namna hiyo ni dakika 40, na hapo nyuzi za gesi zinaanza kujitokeza.

Tatizo la traka kwa mtu wa ikweta ni kuielekeza. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Ulaya wana nyota ya kaskazini juu angani. Dar es Salaam ncha ya kusini iko digrii 6.8 tu juu ya upeo, ndani ya ukungu wa bahari na taa, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ina magnitudo 5.5, yaani haionekani kwa macho hapo. Nairobi hali ni ngeni zaidi: ncha ya kusini iko digrii 1.3 juu ya upeo, mhimili ukiwa karibu umelala kabisa. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kabari ya traka, yaani kishikilio kinachouinamisha mhimili, inashuka hadi digrii ngapi. Nyingine zimetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta na haziteremki hivyo. Ikikwama juu, fupisha mguu mmoja wa tripodi uuinamishe mzigo wote upande wa kusini, kisha pima mwinamo wa mhimili wenyewe kwa programu ya simu ya kupimia mwinamo.

Hatua za Dar es Salaam ni hizi. Sawazisha tripodi kwa timazi ya maji. Weka kabari digrii 7. Elekeza mhimili kusini halisi. Badili swichi ya traka iwe S, kwa kuwa ikiachwa N itazungusha kinyume na nyota zitavutika mara mbili ya kawaida, kosa la kawaida kuliko yote. Funga kamera, kisha pima tena, kwa sababu uzito wa lenzi huinamisha kabari. Piga picha moja ya sekunde 60 na uikuze.

Kusini halisi kunapatikana vipi? Dira ya simu hukosea digrii kadhaa ikiwa karibu na chuma, na tripodi yenyewe mara nyingi ina chuma. Njia safi ni ya mchana: ning'iniza uzi wenye jiwe, na Jua linapofika juu kabisa (Stellarium itakupa dakika kamili kwa mahali ulipo) kivuli cha uzi hulala kaskazini-kusini. Kiwekee alama chini, urudi usiku. Njia hii inashindikana siku Jua linapopita utosini, kwa Dar ni mapema Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, kwa sababu kivuli kinakuwa hakuna.

Usijitese kutafuta usahihi wa kupindukia. Kosa la digrii 1 nzima kwenye mhimili, kwa lenzi ya mm 135 na sekunde 60, linavuta nyota pikseli 2 au 3 tu mahali pabaya kabisa. Kwa mm 200, punguza hadi sekunde 30 nawe utakuwa salama. Ndiyo maana kwa Afrika Mashariki lenzi ya mm 135 ni chaguo bora kuliko ya mm 300 au darubini: inasamehe.

Lenzi ipi

Mm 24 hadi 35 ni ya mandhari: mnazi, mashua, kilele cha mlima, na nyotamkia ndogo juu yake. Inafaa tu mkia ukizidi digrii 10. Mm 50 na 85 ndizo za vumbi, na kama ni kununua moja tu, chukua mm 85 f/1.8. Ni nyepesi, inaingiza mwanga mwingi, na digrii 16 zinatosha mkia wa nyotamkia nyingi na bado kuacha kipande cha ardhi. Mm 135 ni ya gesi, mm 200 ni ya mafundo na nyuzi zake.

Lenzi ya kuvuta ya mm 70 hadi 300 yenye f/4 mpaka 5.6, ambayo wengi wanayo tayari, inaweza kutumika juu ya traka. Lakini f/5.6 inaingiza robo tu ya mwanga wa f/2.8, na pete yake ya kuvuta huteleza kamera ikielekea juu. Igandishe kwa utepe.

Lenzi nyingi za bei ya chini hazifokasi buluu mahali pamoja na kijani. Kwa mkia wa vumbi utaona viduara vya zambarau kuzunguka nyota, basi. Kwa mkia wa gesi hasara ni kubwa, maana buluu ndiyo unayoitafuta, na ikiwa nje ya fokasi nyuzi zinakuwa ukungu. Funga lenzi kwa hatua moja au moja na nusu, ukubali kupoteza mwanga.

Vichujio vya kupunguza mwanga wa mji vinavyouzwa kwa ajili ya nebula (mawingu ya gesi kati ya nyota) havifai hapa. Vinapitisha vipande vyembamba vya nyekundu na kijani na kuzuia kilichobaki, pamoja na buluu ya mkia wa gesi na karibu vumbi lote. Kichujio cha bendi ya Swan, yaani mwanga wa zile molekuli za kaboni mbili, kinaonyesha koma ya kijani tu. Ni bora kusafiri kwenda gizani kuliko kununua kioo.

Fokasi iwekwe kwa Zuhura, Mshtarii au nyota angavu, kwenye skrini iliyokuzwa mara 10, ukizungusha pete kwa mkono hadi nukta iwe ndogo kabisa. Usifokasi kwa kichwa cha nyotamkia, kwa kuwa ni ukungu na hautakuambia lini umefika. Alama ya mwisho wa pete si sahihi kwenye lenzi nyingi. Zima kitulizi cha picha ukiwa kwenye tripodi, zima pia kipunguza kelele cha picha ndefu, maana kila baada ya picha kamera itakaa muda ule ule bila kupiga. Hifadhi faili za RAW, yaani data ghafi ya sensa. Pwani, umande na chumvi huifunika lenzi ndani ya nusu saa. Mkanda wa joto wa USB kwenye pawabenki unatatua hilo. Kufuta kwa fulana kunaleta michirizi tu.

Simu nayo? Kwa nyotamkia ya magnitudo 1 au 2, simu iliyofungwa kwenye tripodi ikiwa na hali ya usiku inaleta picha ya kweli, kama ilivyotokea Oktoba 2024. Lenzi yake kuu ni sawa na mm 24 hadi 26, hivyo mkia wa digrii 10 utachukua kama sehemu moja ya saba ya upana. Tatizo ni programu ya simu inayosafisha chengachenga: huufuta mwisho wa mkia ikidhani ni uchafu. Tumia hali ya kitaalamu na faili la RAW kama simu inaruhusu. Mkia wa gesi kwa simu, usahau.

Kupanga picha: kwa nyota au kwa kichwa

Nyotamkia ina mwendo wake kati ya nyota. Inayosogea digrii 3 kwa siku, kwenye lenzi ya mm 135 na kamera ile ya jedwali, inahama pikseli 1 hivi kwa dakika na 75 kwa saa. Picha moja ya sekunde 60 haina shida. Rundo la saa nzima lina shida: ukilipanga kwa nyota, kichwa kinakuwa mstari, na ukilipanga kwa kichwa, nyota zinakuwa mistari.

Kwa tripodi na lenzi ya mm 50, ambapo kazi yote inaisha ndani ya dakika 10, panga kwa nyota na usijisumbue. Kwa traka, panga mara mbili, rundo moja kwa nyota na jingine kwa kichwa, kisha uziunganishe. Siril na DeepSkyStacker, zote za bure, zina njia ya kupanga kwa nyotamkia: unaonyesha kichwa kwenye picha ya kwanza na ya mwisho, programu inakadiria zilizo kati. Katika rundo la kichwa tumia mbinu ya kuondoa pikseli zilizozidi, ili nyota zinazohama zifutike. Mbinu hiyo inahitaji angalau picha 20, na nyota ziwe zimehama vya kutosha kati ya moja na nyingine. Nyotamkia ikisogea polepole, utabaki na michirizi. Dawa ni kuzitawanya picha kwenye muda mrefu zaidi badala ya kuzipiga mfululizo.

Muda huo mrefu ni mzuri kwa vumbi, ambalo halibadiliki ndani ya saa mbili. Kwa gesi ni sumu. Chukua fundo linalokimbia mkiani kilomita 50 kwa sekunde, na nyotamkia iko umbali sawa na ule wa Jua kutoka kwetu. Kwa lenzi ya mm 200 fundo hilo linahama pikseli 60 hivi kwa saa. Rundo la saa nzima litalifuta kabisa, na utaona mkia laini usio na kitu. Gawanya kwenye mafungu ya dakika 10, fundo lihame pikseli 10 tu, kisha uyalinganishe moja baada ya jingine. Mara chache upepo wa Jua hukata mkia mzima, na kipande kilichokatika huonekana kikisogea mbali na kichwa fungu hadi fungu.

Kosa la mwisho hutokea kwenye kompyuta, na linawaumiza wapiga vumbi. Programu za kuondoa mwanga wa anga hutafuta mng'ao mpana unaobadilika taratibu na kuufuta, nao mkia wa vumbi unafanana na hivyo hivyo. Weka nukta za sampuli kwa mkono, mbali na mkia pande zote mbili, na chagua mteremko wa daraja la kwanza badala ya uso wenye mikunjo mingi. Mkia wa gesi, kwa kuwa ni mwembamba, hupona kwenye kazi hii bila tabu.

Basi uchukue nini

Nyotamkia ikiwa chini ya digrii 15, karibu na Jua, na picha za wiki zinaonyesha feni nyeupe: tripodi, mm 50 au 85, dirisha la dakika 25, panga kwa nyota. Traka iache nyumbani, maana muda wa kuielekeza ndio muda wa kupiga.

Ikiwa imepita digrii 25 kwenye giza kamili, Mwezi haupo, na picha za wiki zina uzi wa buluu: traka, mm 135, picha za sekunde 60, mafungu mafupi, panga kwa kichwa.

Ikiwa ina mikia yote miwili na unayo kamera moja, anza na mm 85 juu ya traka na umalize hivyo hivyo. Kubadilisha lenzi gizani katikati ya usiku kunakugharimu fokasi na mhimili pia, na nyotamkia haisubiri. Na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu kati ya traka na lenzi mpya, mwenye mm 50 tayari anunue traka. Mwenye lenzi ya mm 18 hadi 55 iliyokuja na kamera aanze na mm 85.